Presha ya Mgeni Rasmi

Majoho yetu ya mahafali yalikuwa mashuka ya wodini. Nasema mapema ili mtu asije akanifikiria makuu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, madukani Karatu huoni kitambaa wala sabuni, na mkuu wa chuo alikuwa ameapa kwamba mahafali bila majoho hayafanyiki mbele ya macho yake. Basi tukapewa mashuka yaliyokwisha kuchakaa, tukayakata, tukayashona kwa uzi wa kushonea vidonda, na ili yapate rangi ya usomi tukayachovya kwenye GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka watoto wenye vidonda mdomoni. Yalitoka mazuri ajabu. Shida ilianza jua la saa nne lilipotukamua jasho. GV ikahama kwenye majoho ikaja shingoni, na mpaka mgeni rasmi anafika tulikuwa tunaonekana kama watu wanane wenye ugonjwa mmoja wa ngozi.

Ndiyo, wanane, na hao ndio darasa zima. Chuo kilikuwa mabanda mawili nyuma ya hospitali, kikifundisha waganga wasaidizi wa kupelekwa kwenye zahanati za vijijini. Kwa miaka mitatu sisi wanane, wavulana sita na wasichana wawili, tulikula sufuria moja, tukaugua malaria kwa zamu, tukajifunza kuchoma sindano kwenye makalio ya wenzetu. Wengi tulikuwa Wairaqw wa huku juu, watu wa jembe na kwaya ya kanisa. Mmoja alikuwa Mmasai wa Piyaya, aliyekuja na koti moja na maneno machache, akaishia kutupita wote kwenye somo la viungo vya mwili kwa sababu alikuwa amepasua wanyama wengi kuliko mwalimu. Tulipendana kweli. Sitaki kulidharau hilo, ingawa ndilo lililotuponza.

Chuo kizima kilikuwa na mashine moja ya presha, ile ya zebaki, na stetoskopu moja tu inayosikika. Mwaka wa kwanza tulipelekwa wodini kumpima mama mmoja. Wa kwanza akasema mia na arobaini, wa pili akasema mia na sitini. Mkuu wa chuo akavua miwani, akauliza tangu lini mgonjwa mmoja akawa na damu mbili, kisha akatupeleka kwenye shamba la mahindi la hospitali tulime mpaka tukubaliane. Tulikubaliana kwenye mstari wa tatu. Kuanzia siku hiyo tukawa na utaratibu wetu. Wa kwanza anapima kwa masikio, wanaofuata wanapima kwa adabu. Unafunga mkanda, unapampu, unakunja uso kidogo kama mtu anayetafakari, halafu unasema, "Sawa na mwenzangu." Kwenye taarifa ya mwaka mkuu wa chuo aliandika kwamba hajapata kuona darasa lenye umoja kama letu. Zama zile ukisifiwa kwa umoja umesifiwa kwa kila kitu.

Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja wa mkoani, mzaliwa wa Baray kule bondeni. Alikuwa ametoka kwenye vitunguu vya babake akapanda vyeo mpaka Arusha, na watu wa kwetu walikuwa wakimtaja kama vile walimzaa wote kwa pamoja. Alitakiwa kufika saa tatu. Alifika saa sita na nusu, baada ya kwaya kumaliza nyimbo zote na kurudia za mwanzo. Gari lake, Land Rover lililojaa vumbi jekundu, liliendeshwa na mdogo wake wa tumbo moja, kijana mpole wa mikono mikubwa. Watu walinong'ona kuhusu ndugu kumpa ndugu kazi, lakini mimi sikuona ubaya, maana huyo mdogo alimshusha kaka yake garini kama unavyoshusha trei ya mayai.

Hotuba ilihusu afya kuwa msingi wa taifa. Aliitoa akiwa ameshika meza kwa mikono miwili, uso umeiva, macho mekundu, anapumzika kila baada ya sentensi na sisi tunajaza mapumziko yake kwa makofi. Nilikuwa mstari wa mbele. Niliona mshipa shingoni mwake unavyogonga juu ya kola. Nikajiambia huyu bwana ana jambo, halafu nikajiambia nyamaza, leo ni sikukuu.

Ratiba ilisema baada ya hotuba tutaonyesha ujuzi wetu. Tulijiandaa wiki mbili kumfunga banzi mwenzetu mmoja aliyejifanya ameanguka toka kwenye punda, na alikuwa amekwisha kujilaza chini kwa ufundi mkubwa, analia. Mgeni rasmi akainua mkono. "Huyo mwacheni, ni mzima. Nipimeni mimi, wananchi waone viongozi hawaogopi vipimo." Watu wakashangilia. Mwenzetu wa punda akainuka, akajipangusa, akarudi kwenye mstari bila kutibiwa.

Kiranja wetu akaleta mashine. Akamkunja mkono wa shati, akafunga mkanda, akapampu. Wakati huohuo mkuu wa chuo aliona kimya hakipendezi, akawapa kwaya ishara, kwaya ikaangusha wimbo na ngoma mbili. Kiranja akasikiliza, akakunja uso, akainuka. "Mia na ishirini kwa themanini, ndugu mgeni rasmi." Hiyo ndiyo namba iliyoko kitabuni, ukurasa wa kwanza wa somo la presha.

Makofi. Ingeishia hapo. Lakini mkuu wa chuo, kwa kupenda kwake umoja, akatangaza kwamba darasa zima litathibitisha, mmoja mmoja, ili wananchi waone kwamba elimu yetu ni ile ile kwa wote. Tukapanga mstari, wasichana mwisho. Wa pili akapima. Sawa na mwenzangu. Wa tatu, wa nne, Mmasai wetu, wote sawa na mwenzangu, na kila mara watu wanapiga makofi na mgeni rasmi anacheka kwa kuona anavyozidi kuthibitika.

Mimi nilikuwa wa nane. Kwaya ilikuwa imechoka tangu zamu ya wa pili, imenyamaza kunywa maji. Nikapampu mpaka mia na sitini kama tulivyozoea, na nilipoanza kufungua upepo sauti ilikuwa tayari iko pale, inagonga. Nikapampu tena. Mia na tisini, bado. Nikapandisha mpaka karibu na mwisho wa kipimo, nikashusha polepole. Ilianza mia mbili na kumi. Haikukata mpaka mia na thelathini. Mtu mwenye presha ile hatakiwi kusimama kwenye jua, achilia mbali kuhutubia. Anatakiwa kulazwa siku hiyo hiyo, la sivyo mshipa utapasuka kichwani, awe kiongozi asiwe kiongozi.

Nilimtazama kiranja. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimtazama mkuu wa chuo, naye akakohoa kile kikohozi chake cha kututuma shambani. Vyeti vilikuwa mezani, vimefungwa utepe. Nyuma ya kamba ya wageni babangu alikuwa amevaa koti lake la harusi.

Nikasema, "Sawa na wenzangu."

Nilipewa cheti changu na mkono uleule niliotoka kuupima. Ulikuwa wa moto.

Baadaye watu walipokuwa wanakula, mgeni rasmi akiwa na sahani ya mbuzi wa kuchoma na chumvi anaimwaga kwa kiganja, mimi nilikwenda nyuma ya jiko kunawa GV shingoni. Mdogo wake alinifuata. Alisimama mbali kidogo, kwa adabu.

"Dada daktari, samahani. Kaka yangu kila asubuhi anaumwa kichwa. Juzi damu imemtoka puani njiani, akaniambia nisimwambie mtu. Nataka nimpitishe hospitali kubwa Moshi kesho, hata kwa kumdanganya kwamba kuna kikao. Ila sasa mmempima wote. Kweli ni mzima?"

Hapakuwa na kwaya pale. Hapakuwa na mkuu wa chuo wala cheti kwenye meza. Tulikuwa wawili na mama mmoja anayeosha sufuria. Na bado nilimwambia, "Ni mzima, kaka. Umesikia mwenyewe." Ningemwambia kweli, ningekuwa nimewafanya wenzangu saba waongo. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, na kwa umri ule ilionekana sababu ya maana sana. Alishukuru kwa mikono miwili, akaenda kumfungulia kaka yake mlango wa gari.

Kesho yake asubuhi tulikuwa bombani, tumefumua majoho na tunafua mashuka, maana mkuu wa chuo alikuwa anayataka yarudi wodini. Hakuna aliyekuwa anaimba. Mmasai wetu ndiye aliyeanza. "Mimi nilisikia mia mbili," akasema. "Nikadhani masikio yangu hayajazoea wakubwa." Mwingine akasema naye mia mbili. Mwingine mia mbili na kumi. Tukazunguka hivyo mpaka tukafika kwa kiranja, ambaye alikuwa amekamua shuka moja mpaka linakaribia kuchanika. Akasema yeye hakusikia kitu. Ngoma zilikuwa kichwani mwake, aliona aibu kuomba kwaya inyamaze, akataja namba ya kitabuni. Alitegemea wa pili atamrekebisha.

Kwa hiyo mtu mmoja hakusikia, na saba waliosikia wakakubaliana naye. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope. Mmasai akasema tumfuate, tupande lori lolote hata la mbolea. Kiranja akasema gari litakuwa limeshafika Arusha tangu jana, na kwamba tukisema sasa watatunyang'anya vyeti wote wanane. Tulianika mashuka, yenye madoa ambayo wagonjwa waliyalalia mpaka yalipochanika kabisa.

Tukatawanywa. Mmasai akapangiwa upande wa Wasso, siku nzima ndani ya basi, na zaidi ya siku kama mvua imenyesha. Mimi, kwa mkono wa Mungu au wa karani mwenye utani, nikapangiwa zahanati huko Baray. Sikumaliza miezi minne, mgeni rasmi akaletwa nyumbani kwake akiwa amepooza upande wa kulia, mdomo umevutwa, cheo kimekwenda kwa mtu mwingine. Alikuwa ameanguka ofisini Arusha, kikao kikiendelea.

Niliposikia habari za mdogo wake ndipo nilipokosa usingizi. Kaka yake alikuwa amemfukuza nyumbani, mbele ya ukoo, na kumkataza kukanyaga shamba la baba yao. Sababu yake haikuwa ya kijinga, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Yeye alikuwa mzima. Alipimwa na wataalamu wanane hadharani, mbele ya kanisa na chama. Mtu mzima wa namna hiyo akianguka ghafla ni kwamba ametupiwa kitu, na aliyekuwa anamshikia chakula na maji ya kunywa safarini ni mmoja tu.

Nilikwenda kwa kaka mtu Jumapili baada ya ibada. Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha kamba, mkewe akimpepea nzi. Alinitambua, akafurahi, akamwambia mkewe kwa ulimi mzito, "Huyu ni mmoja wa madaktari wangu." Nilipiga magoti. Nilimweleza yote, ngoma, namba ya kitabuni, mia mbili na kumi kwa mia na thelathini. Nilimwambia mdogo wake hana kosa, kosa ni letu, presha ilikuwepo siku nyingi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mlikuwa wangapi?"

"Wanane, mzee."

"Na leo umekuja peke yako." Akanitazama kwa lile jicho moja linalofunguka vizuri, wala si kwa hasira, kwa huruma zaidi. "Amekutuma, mwanangu. Sikulaumu. Ni kijana mwenye maneno mazuri."

Nilibishana naye mpaka mkewe akaniomba niondoke kwa sababu nampandishia mgonjwa wake presha.

Wiki iliyofuata nilipanda gari la vitunguu hadi Karatu. Mdogo mtu alikuwa anaziba pancha kando ya barabara kuu, amekonda, amepanga chumba kwa watu. Nilimwambia nimekwenda kwa kaka yake, nimemtetea, hakukubali. Aliacha kusugua mpira. Akauliza nimemtetea kwa maneno gani, nami nikamwambia.

"Kumbe nyuma ya jiko ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Bado alikuwa ameshika ule mpira wenye gundi. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, njia nzima.

"Dada," akasema, "mimi sikuhitaji wanane. Ungeniambia wewe peke yako, tungeenda Moshi."

Halafu akaniomba nisogee pembeni kidogo, kwa sababu kulikuwa na dereva anasubiri tairi lake.