Nilimwonea kaka wivu wa chuo, nikautia ndani ya chupa yake ya maji

Wakuu wa jukwaa, hamjambo huko mliko? Leo naweka ukweli, na ukweli wenyewe unanichafua miye kwanza, kwa hiyo msiulize kama nimetunga. Mutu hatungi aibu yake.

Miye ni binti wa mji wa Kasongo, bado niko shule ya sekondari, seksio (mchepuo) ya biokemia. Kwa kemia darasani hakuna anayenishika, isipokuwa mwalimu akinishika naigiza mwendo wake.

Kaka yangu Saidi (mtoto wa baba mkubwa, lakini kwetu huyo ni kaka tu) anasoma uhandisi wa mazingira kwenye chuo kikuu, Bukavu. Yuko mwaka wa mwisho. Akarudi nyumbani kupima maji ya chemchemi zetu kwa kazi yake ya kumaliza chuo.

Siku aliyofika kuku akachinjwa. Firigisi akapewa yeye. Huyu huyu Saidi aliyerudia mwaka wa tatu! Miye mwenye pointi nzuri miaka yote nikapewa shingo.

Watu wakaanza kumwita enjenia, na wengi hawakujua hata anasoma nini. Shangazi akawaambia wageni, "Anasomea miti."

Nikachomekea, "Hapana shangazi, anasomea kufagia, ila kwa Kifaransa."

Watu wakacheka. Saidi naye akacheka. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Halafu akaeleza, bila haraka. Kwamba mutu wa fakilte hiyo, yaani kitivo hicho, anaweza kupeleka maji safi mjini, ama kupanga takataka za mji ziende wapi. Anaweza kufanya kazi kwenye machimbo kama ya Salamabila, ili zebaki ya kukamatia dhahabu isishuke mtoni. Anaweza kukagua barabara kabla haijachimbwa, aseme itaharibu nini. Wengine wako kwa mashirika, wengine wanabaki kufundisha.

Miye nilikuwa naosha sahani. Wakuu, kila kazi aliyotaja niliitaka. Zote! Na hakuna mutu aliyegeuka kuniuliza, na weye je, utasoma nini?

Siku ya tatu akawa anaenda na pikipiki kupima upande wa Wamaza. Akaniachia chupa ndogo iliyochemshwa na kufungwa, niijaze kwenye chemchemi ya chini kwetu, ile yenye saruji na bomba. Masharti kibao: usisuuze chupa, usiguse mdomo wake, acha maji yatiririke kwanza, ukimaliza uitie kwenye sanduku la barafu.

"Umesikia, dada?"

"Nimesikia, enjenia wa mafagio."

Nikashuka. Bomba nikalipita. Hatua kumi chini yake iko mfereji ambamo mabata wanaoga na akina mama wanasuuza nepi. Nikajaza pale.

Niliwaza: atapata matokeo ya ajabu, walimu wake watamcheka, nasi huku tutapumua. Mbali zaidi ya hapo sikuwaza.

Jioni alichuja maji yale, chujio akaliweka kwenye kisahani ndani ya kisanduku cha joto ili vijidudu viote; kesho yake akakifungua. Kisahani cha chemchemi yetu kilijaa madoa ya njano, na madoa hayo, alisema, ni vijidudu vya mavi. Mchana ule ule akaenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Shefu akafanya kama tunavyofanya kwetu: akafunga majani mabichi ya mchikichi kwa fundo, akakata njia ya chemchemi. Fundo likishafungwa, hakuna anayepita.

Kartie nzima ikahamia chemchemi ya nyuma ya kilima. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikakutana na nyanya yetu, mama wa baba zetu, anarudi na kabidoni kenye maji nusu, magoti yote matope.

"Nyanya, umeanguka?"

"Kilima kilinisalimia tu."

"Si ungechota hapa chini? Yale maji iko mazuri..."

"Nyamaza weye! Mjukuu wangu amesema iko mabaya. Yule amesoma."

Nikampokea kabidoni kake. Nyanya anaanguka kwa sababu ya mabata yangu. Na niseme yote: hata saa ile, kando ya aibu, lile neno "yule amesoma" liliniunguza.

Nikamtafuta Saidi.

"Kaka, ile chupa sikuijazia kwenye bomba."

"Uliijazia wapi?"

"Kwa mabata."

Akafunga daftari lake. Kisha akasema, "Na ndiwe wa kwanza kwa kemia. Beba chupa mbili, twende."

Akaomba ruhusa kwa shefu tuvuke fundo. Nikajaza moja kwenye bomba, moja mferejini. Nyumbani akaniacha nichuje mwenyewe, niandike alama mwenyewe. Kesho yake kisahani cha bomba kilikuwa cheupe. Cha mfereji kilijaa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Nilivitazama mpaka chai ikapoa.

Shefu akaita watu. Nilijiandaa kuzomewa, nikavaa mtandio mkubwa wa kujificha ndani.

Saidi akasimama. "Mama zangu, kosa iko langu. Nilituma mutu, nikatoa jibu bila kusimama pale mwenyewe. Maji yenu iko mazuri. Nawaomba musamaha." Jina langu hakulitaja.

Walimzomea? Thubutu! Walimpigia makofi. Shefu akafungua fundo huku anasema hajawahi kuona msomi anayekubali kosa, na nyanya akapiga vigelegele. Kosa nilifanya miye peke yangu, makofi yake akala yeye.

Nilichojifunza: wivu kila mutu yuko nao, ila usiuweke mahali watu wanakunywa.

Sasa nyie mliosoma fakilte hii, hasa madada, nielezeni. Hesabu zangu ni za kuchechemea, zitatosha? Kazi zinapatikana kweli, ama mutu anarudi nyumbani kula firigisi tu? Nitukaneni kwa adabu, nitajibu wote.

Ila anayemsifu Saidi kwenye uzi huu, akafungue wa kwake.