Nilimsingizia shangazi yangu uchawi, miaka kumi na saba baadaye nikamfuata Ikola

Wakuu, heshima kwenu wote mliotangulia humu jukwaani.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila hili limenikaa kifuani muda mrefu. Siyo chai. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Nimekulia Sitalike, kijiji cha karibu na Mpanda. Wazee wangu ni Wasukuma, walihamia huku na ng'ombe mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alikuja na dada yake, shangazi Minza, ambaye hakuwa na mume wala mtoto. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu.

Yule mama alinipenda, wakuu.

Nikitoka shule nilikuwa sipiti nyumbani, napitiliza kwake. Nakuta michembe imechemshwa na karanga, maziwa ya mgando pembeni. Tunakaa mlangoni tunasikiliza viboko wanakoroma kule mtoni, na yeye anawaigiza mpaka chakula kinanipalia kwa kucheka. Mpaka leo nikisikia kiboko nacheka peke yangu, halafu kicheko kinakatika.

(Kwa wasiojua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikaanikwa. Kama hujala, pole.)

Sasa nikiwa Form Two, mdogo wangu wa mwisho, Kabula, miaka minne, aliamka na homa. Baba alikuwa machungani, mama anaenda kuvuna mpunga. Nikaachiwa mtoto, nikaambiwa akizidiwa tu nikimbie shambani kumwita mama.

Siku hiyo tulikuwa na mechi.

Nikamlaza Kabula, nikajiambia naenda kipindi cha kwanza tu. Nilicheza mechi nzima. Na tulishinda.

Nimerudi nasikia sauti ya shangazi ndani. Alikuwa amemvua mtoto nguo, anamfuta mwili kwa kitambaa chenye maji, anamwita jina lake taratibu. Akainua macho akaniangalia. Nikajua mdogo wangu hayupo tena.

Mama alipofika aliniuliza kitu kimoja tu. "Ulikuwa wapi?"

Nikasema nilitoka kidogo kuteka maji, narudi namkuta shangazi kajifungia na mtoto, anamnyunyizia maji huku ananong'ona maneno nisiyoyaelewa.

Mnaijua mikoa yetu. Mwanamke mtu mzima, hana mtoto, anaishi peke yake. Sikuhitaji kuongeza neno lingine.

Siku ya pili baada ya mazishi vijana walijaa kwake asubuhi na marungu. Baba alisimama katikati yao, hakutoka pale mpaka dada yake alipopanda lori la kwenda Ikola, ziwani. Shangazi alikuwa na furushi moja. Alinipita karibu kabisa.

Kuanzia hapo mama alikataza jina lake kutajwa nyumbani. Baba alifariki miaka sita baadaye, hajamwona tena dada yake.

Maisha yakaenda. Nikahamia Mpanda mjini, nikaoa, nina kiduka cha spea za pikipiki hapa Majengo. Kanisani niko kwaya, naimba sauti ya nne, watu wananiita mwalimu. Huku ndani najijua.

Mwaka juzi binti yangu akashikwa na homa kali. Nesi wa zahanati akatuambia, "Mvueni nguo, mfuteni na maji." Nikachukua kitambaa, nikakilowesha. Mkono ukagoma. Mke wangu ndiye alimalizia, mimi nilikuwa nje naegemea ukuta, nalia kama mtoto. Binti alipona, namshukuru Mungu.

Wiki ile ile nikaenda kitubio. Nilikuwa nimeungama mara nyingi sana, ila hili nilikuwa naliruka. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mungu anakusamehe. Lakini ulichukua jina la mtu, na bado unalo. Lirudishe. Hayo ndiyo malipizi yako."

Nilitamani angeniambia nisali rozari mia.

Kumpata shangazi haikuwa kazi. Nilifika Ikola asubuhi, nikauliza mama wa Kisukuma aliyekuja zamani peke yake, nikaelekezwa. Aliolewa na mvuvi Mwislamu, akasilimu, sasa anaitwa Bi Zainabu. Nilimkuta anageuza dagaa juani, kajifunga ushungi.

Nikapiga magoti. "Shangazi, ni mimi Masanja."

"Nimekuona tangu kule kwenye mitumbwi," akasema. "Unatembea kama kaka yangu. Hajambo?"

Wakuu, hakuwa anajua kwamba baba alishafariki. Miaka yote hakuna aliyemwambia.

Nilipomwambia aliketi chini pale pale kwenye dagaa. Alilia, nikalia. Ndipo nikamwambia na lililonileta. Mechi, kisingizio, kila kitu. Nikamaliza. Adhana ya adhuhuri ikaita, akaenda kuswali, mimi nikabaki nafukuza kunguru.

Aliporudi alikuwa ametulia.

"Nimemwomba Mungu anipe neno la kukuambia," akasema, "maana nililokuwa nalo mimi lilikuwa baya. Nimekusamehe, mwanangu. Ulikuwa mtoto, uliogopa. Lakini mama yako mpaka leo anaamini nilimuua Kabula. Nenda kamwambie."

Hapo ndipo pagumu. Mama ndiye mzazi niliyebaki naye.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa inasali nyumbani kwa mama, Sitalike. Majirani wale wale, na baadhi ya wale vijana wa marungu, sasa wana mvi. Baada ya sala nikaomba kusimama. Nikasema yote. Nilisema shangazi Minza hakumroga mtu, nilimsingizia kuficha kwamba nilimwacha mtoto nikaenda mpirani.

Mama alichukua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki tatu hakupokea simu yangu. Nilikonda. Nikasema basi, nimempata shangazi nimempoteza mama.

Halafu siku moja niko dukani simu ikaita. Hakusalimia. "Gari ya Ikola inaondoka saa ngapi?"

Kesho yake tukapanda wote. Tulipofika, shangazi alikuwa uani. Mama akaenda mpaka mbele yake akapiga magoti. Shangazi naye akapiga magoti. Wakabaki hivyo, wazee wawili wanaangaliana.

"Wifi," mama akasema, "niambie mwanangu alikufaje."

"Hakufa peke yake," shangazi akajibu. "Nilisikia analia nikaingia. Nilimshika muda wote. Mwishoni alifungua macho akaniangalia, akadhani ni wewe. Akaniita mayu. Nikamwitikia."

Mama akamwomba arudie.

Akarudia. Nadhani siku ile alirudia mara tano, na kila mara mama anasema, "Tena, wifi."

Ndugu zangu, nilidhani nilimwibia shangazi peke yake. Kumbe miaka kumi na saba nilimnyima mama neno la mwisho la mwanae, na aliyelitunza ni yule tuliyemfukuza. Nilichojifunza ni kwamba kutubu kwa Mungu peke yake kulinipa nafuu mimi tu. Wao walipata nafuu siku nilipofungua mdomo mbele za watu.

Kama kuna mtu unamdai ukweli, au yeye anakudai, karibuni kwenye comments. Hata wa kunilaumu njooni, nitawasoma wote.