Mashine Iliyoambiwa Ianzie Nje

Kabla ya kuchomeka flashi kwenye kompyuta yoyote, wifi yangu aliipuliza. Aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na midomo, akapuliza kichwa chake cha bati mara moja, fyuu, kama anayepoza uji wa mtoto. Nilimwambia pumzi haisaidii kitu. Fundi aliyemfundisha kazi alimcheka mbele ya wateja. Hakuacha. Nilimwona akipuliza akiwa bibi harusi wa wiki mbili, na nilimwona akipuliza jicho moja likiwa limezibwa na uvimbe.

Alikuwa mke wa mdogo wangu, tumbo moja na mimi, niliyembeba mgongoni mama alipokuwa kazini. Nalisema mapema ili lisije likaonekana nimelificha. Aliyempiga hakutoka mbali.

Kabla ya kuolewa alikuwa mchapaji katika steshenari: chumba kimoja, kompyuta tatu, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikipigwa kofi ndipo ikubali kuvuta karatasi. Wateja walileta flashi zenye virusi kama watoto wanavyoleta mafua, na kila wiki kompyuta moja ilikata roho. Aliyeitwa kuzifufua ni mzee mmoja mpole, mropokaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mkoba kwa sababu vifaa vyake vyote vilining'inia begani. Ndiye aliyempa wifi yangu flashi yenye mfumo wa Linux, akamwonyesha namna ya kuiambia kompyuta ianzie nje. Unawasha mashine, unabonyeza kitufe cha F12 kabla haijaamka vizuri, unachagua flashi, na mashine inaamka na akili uliyoileta wewe. Diski yake ya ndani inabaki imelala. Ukizima na kuchomoa, huachi hata unyayo. Na ndani ya flashi hiyohiyo kulikuwa na sehemu ya kuhifadhi mambo yako.

"Wifi, kompyuta ya watu ni kitanda cha gesti," aliniambia. "Unalalia, lakini shuka unakuja nalo."

"Na kunguni?"

"Kunguni ni wa mwenye gesti. Mimi asubuhi nakunja shuka langu, huyoo."

Alicheka mpaka akashika meza. Wakati huo alikuwa na meno yote.

Kofi la kwanza lilikuja mwezi wa tatu wa ndoa, kwa sababu alichelewa kutoka kazini. La pili lilikuwa ngumi. Mwaka wa pili mdogo wangu alimwachisha kazi. Alikuwa msimamizi wa ghala la saruji, mtu wa kuhesabu mifuko, na alirudi nyumbani na tabia hiyo: alihesabu dakika za mkewe sokoni, simu alizopokea, watu aliowaamkia njiani. Kila jioni alinyoosha mkono, mkewe akampa simu, akaikagua. Laptopu ya kazini aliiacha mezani, imefungwa kwa neno la siri, kama anayemfungia mtu nje ya nyumba yake mwenyewe.

Nilikwenda kumtembelea baada ya kupigwa na mkanda, upande wa bizimu la chuma. Mgongo wake ulikuwa na alama nne za mstatili, zimechubuka mpaka nyama. Nilizipaka dawa huku nikimwambia, "Vumilia, wifi. Mpikie vizuri, msikilize, atatulia. Ndoa ni mbichi bado." Binti yao alikuwa amekwisha kutimiza miaka mitano.

Kila nilipomtembelea tena nilimrudia maneno hayohayo. Baadaye nilijua kwamba wiki ile ya mkanda alikwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mkavu wa maneno, akamuuliza afanyeje aondoke na mtoto. Yule mama alimwambia waziwazi: mume ana kazi na nyumba, wewe huna. Bila ushahidi, mtoto atabaki kwa baba. Leta picha, leta tarehe, leta karatasi za daktari.

Basi akaanza kukusanya. Mumewe alipokwenda kazini na kuiacha laptopu, aliipuliza flashi yake, akaichomeka, akabonyeza F12. Neno la siri halikumhusu, maana mlango uliofungwa hakuupitia. Alijipiga picha kwa simu, akazihamishia kwenye flashi kwa waya, akazifuta simuni. Alinasa sauti. Aliandika tarehe. Kisha aliichomoa, akaifunga kwa nailoni na kuichomeka ndani ya mche wa sabuni ya kufulia aliouchonga kwa kisu, akaziba tundu kwa kulisugua na maji. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kugusa sabuni ya kufulia.

Siku moja alifuta meza na kuisogeza laptopu kidogo. Mumewe alirudi, akaona imehama. Aliufungua mfuniko, akauchukua mkono wa kulia wa mkewe, akautandaza juu ya vitufe kama anayempanga mwanafunzi, halafu akaubamiza mfuniko juu yake kwa kiganja chake chote. Mara mbili. Kucha mbili zilitoka. Kitufe cha F12 kiliruka kikapotelea chini ya kabati. Mashine ilipona. Vidole viwili havikunyooka tena.

Bila kitufe hicho hakuweza kuchagua flashi. Akafanya alichoona ni akili: aliingia kwenye mipangilio ya mashine kwa kitufe kingine, akaiamuru kwamba siku zote itazame nje kwanza. Ikikuta flashi, ianzie humo. Isipokuta, iamke kama kawaida. Aliijaribu mara tatu, ikakubali, akaridhika. Flashi aliyoifikiria ni yake tu. Hakukumbuka kwamba na mwenzake anayo ya mechi za mpira.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu aliondoka na laptopu, flashi ya mpira imechomekwa ubavuni. Alipofika ghalani akaiwasha. Mashine ile ya zamani ikatazama nje kama ilivyoamriwa, ikakuta mpira, haikukuta mfumo, ikagoma. Kioo cheusi, mstari mmoja mweupe. Akaibeba mpaka kwa Fundi Mkoba.

Maneno ya fundi nilisimuliwa na fundi mwenyewe, akilia kama mtoto. Hakujua anaongea na mume wa nani. Aliichomoa flashi, mashine ikawaka, akaingia kwenye mipangilio, akapiga kofi paja lake.

"Bosi, mashine yako nzima kabisa. Imeambiwa ianzie nje, basi."

"Imeambiwa na nani?"

"Ah, si mtu wa mchezo! Mtaa huu wanaojua haya ni mimi na mwanafunzi wangu mmoja tu, yule dada aliyekuwa steshenari. Anapuliza flashi kama mganga!"

Saa nane mchana wifi na mimi tulikuwa uani tunafua. Mtoto alikuwa kwa jirani. Mdogo wangu aliingia kwa lango, akaiweka laptopu juu ya ngazi taratibu, kama kitu kinachovunjika.

"Shikamoo dada," aliniambia. Halafu akamgeukia mkewe. "Iko wapi?"

"Nini, baba?"

Alimpiga teke la tumbo angali amechuchumaa. Beseni lilipinduka. Niliruka nikamshika kiuno, nikimwita kwa jina nililokuwa nikimwita alipokuwa mtoto. Alinitupa ukutani bila kunitazama, kama anayevua koti. Nikaanguka, pumzi zikakata.

"Flashi iko wapi? Unaandika nini? Unampelekea nani?"

Alimburuta ndani kwa nywele. Nilisikia kabati likianguka, sahani, kioo, halafu sauti ya godoro likichanwa. Kila alipokosa alirudi kwake. Nilijikongoja hadi mlangoni nikaona amemkalia kifuani kwa magoti, anampiga kwa rula ya chuma aliyokuja nayo kutoka ghalani, ubapa kwanza, kisha ubavu. Damu ilikuwa imeruka hadi kwenye pazia. Wifi hakupiga kelele. Alikuwa akisema neno moja tu, "Sina, sina, sina," mpaka pigo moja likatua tayani, nikasikia mfupa ukivunjika, kitu kama kijiti kikavu, na neno likakatika hapohapo.

Mdogo wangu akasimama. Akatazama mikono yake. Akatoka uani akinipita, akainama kwenye bomba, akaokota mche wa sabuni uliokuwa umelala kwenye maji ya beseni, akaanza kunawa. Alinawa polepole, hadi viwikoni, akiugeuzageuza mche ule mkononi, povu jekundu likimdondokea miguuni. Akaurudisha juu ya jiwe la kufulia. Majirani walipovunja lango alikuwa anajifuta na shati la shule la binti yake.

Hospitali walimfunga taya kwa waya, meno ya juu na ya chini, wiki sita. Siku ya pili alinyoosha mkono mzima akaomba kalamu. Akaandika: *Sabuni. Ya buluu. Ichukue kabla hajafua.*

Nilikwenda. Polisi walikuwa wamemwachia mdogo wangu asubuhi hiyo, na alikuwa ameketi sebuleni katikati ya vitu vilivyovunjika.

"Umefuata nini, dada?"

"Nguo za mtoto. Na sabuni."

"Chukua." Nilipofika mlangoni aliniita. "Mwambie arudi. Mimi nimeshamsamehe."

Mche ulikuwa mfukoni mwangu, unateleza.

Shauri lilisikilizwa wiki ya tatu. Lilikuwa la kuamua mambo mawili: mtoto akae na nani, na mdogo wangu azuiwe kumsogelea au la. Wakili wake alisema mke alianguka ngazi. Mama yetu alisimama akaapa kwamba mwanawe hajawahi kuinua mkono, na aliamini anachosema. Wifi alikuwa ameketi na waya zake mdomoni, hawezi kutamka hata jina lake. Mwanasheria wa ustawi alitoa flashi, imekaukiwa na sabuni kwenye mikunjo, na karani wa mahakama akaichomeka kwenye kompyuta yake.

"Mheshimiwa," karani alisema, "hii flashi mbovu. Inataka kufomatiwa. Nikubali?"

Kompyuta ile haikuwa inaujua mfumo wa wifi yangu, na kitu isichokijua ilikiona kitupu. Kufomati kungeyafuta yote. Kidole cha karani kilikuwa tayari juu ya mausi. Ilitoka sauti ambayo sijaisikia tena, mngurumo wa kooni, meno yamefungwa, na wifi alikuwa amekwisha kuruka benchi na kumshika karani mkono kwa vidole vyake vilivyopinda. Waya mmoja ulimkata ufizi. Damu ilimtiririka kidevuni.

"Mama, niachie! Unaniumiza!"

Aliichomoa flashi, akavuta karatasi ya karani, akaandika: *Zima. Uwashe na hii. Naomba.*

Wakili akapinga. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani puani, alitazama karatasi, akatazama damu, akasema, "Mpisheni."

Wifi alikaa kwenye kiti cha karani. Akaizima mashine. Alijaribu kuipuliza flashi, lakini meno hayakufunguka, pumzi ikatoka puani. Akaichomeka, akabonyeza vitufe, tukasubiri. Nadhani sijawahi kungoja kitu muda mrefu hivyo. Kioo kikawa cheusi, kisha cha buluu, kisha tukaona folda, na kila folda ilikuwa tarehe.

Hakimu alizipitia moja moja. Mgongo. Paja. Jicho. Mkono wenye kucha zilizotoka, umewekwa kando ya kitabu cha shule cha mtoto ili ukubwa uonekane. Hakuruka hata moja. Kisha akafungua sauti, na chumba kizima kikamsikia mdogo wangu akihesabu mapigo kwa sauti tulivu, kama mifuko: kumi na moja, kumi na mbili. Mama yetu alijifunika uso kwa mtandio. Sauti iliyofuata ilikuwa yangu. *Vumilia, wifi. Mpikie vizuri.* Hakimu aliinua macho akauliza ni nani huyo. Nikasimama.

"Na unasemaje leo?"

Nikasema niliyoyaona Jumamosi ile, tangu teke hadi mikono ilivyonawiwa. Mdogo wangu alinirushia kiti. Kilinipata begani. Askari watatu walimlaza sakafuni, naye akiwa chini aliendelea kunitazama mimi, si mkewe.

Amri ilitoka siku hiyohiyo: mtoto kwa mama, yeye asisogee. Baadaye, katika kesi ya jinai, akafungwa miezi minane kwa kosa la kujeruhi. Watu waliniambia nishukuru. Nilipiga hesabu na kuona miezi minane ni mifupi kuliko mimba.

Waya zilipotolewa, wifi alifunga begi moja. Nilimsindikiza hadi kwenye teksi. Binti alikuwa amekwisha kukaa ndani, amekumbatia viatu vyake. Wifi alikuwa amekonda, taya limepinda kidogo kushoto, na maneno yalimtoka polepole kama mtu anayejifunza upya. Ni miaka saba sasa, sijapata barua wala simu, wala sijui kama wanaishi mbali au karibu. Mdogo wangu alitoka zamani. Amekuja kwangu mara nne kuniuliza, na mara ya mwisho alinivunja mkono.

Siku ile sikuyafikiria hayo. Niliinamia dirisha la teksi nikamwomba aniambie tu mji, hata mtaa asinitajie, ili siku moja nije nimwone mtoto.

Akanishika shavu kwa ule mkono wake.

"Hapana, wifi," alisema. "Ukijua, atakupiga mpaka useme."