Alarm Yangu Ilinyamaza, Majirani Wakaja Mbio

Leo kufuli ya grili ya mlango imekataa kufunguka na mimi niko ndani.

Simu nayo niliiacha kwa gari. Nikabonyeza alarm, nikijua majirani watakuja.

Hakuna mtu alikuja!

Hii alarm imezeeka. Upepo ya mlima ikivuma, inalia. Paka akipita, inalia. Watu wameizoea kama jogoo.

Jirani yangu Mama Njeri akapita kwa ua na kikapu ya majani chai. "Mama Brayo, si ununue ingine? Hiyo imetuchosha!" Nikamwita anisaidie, lakini alarm ikameza sauti yangu, akaenda zake.

Nikajaribu kuizima, ikakataa. Kwa hasira nikapanda kiti nikang'oa waya zote.

Kimya.

Kidogo tu, geti imejaa watu na panga. Mama Njeri analia: "Imenyamaza, tukajua wezi wamekuua!"

Wamenitolea simu kwa gari, wakanipitishia kwa grili. Bado wanatafuta msumeno ya chuma. Nyinyi mnaosoma hii post, niambieni: nitengeneze hii ama ninunue mpya?

Mama Njeri, yule yule, ameshakataa mpya.

"Hiyo itakuwa imenyamaza siku yote. Sasa tutajuaje uko hai?"