Mstari wa Kijani

Mzee mwongoza wageni wa Kawetele hupangusa kidole kwenye shati kabla ya kugusa kitu cha mtu. Alifanya hivyo kila Siham alipomfungulia kwenye simu ukurasa mpya wa tovuti yake ya kupanga safari, ambayo binti huyo aliizindua mwezi uliopita na sasa alikuwa akipima kama inatumika kwa urahisi. Mzee alisoma kwa sauti, akaguna, akaendelea. Hakukwama popote, na Siham akawa anatabasamu. Walipofika kwenye ramani ya kupanda mlima, kidole kikasimama hewani, juu ya mstari wa kijani.

"Binti, njia hii nani kakupa?"

"Nimeitoa kwenye ramani ya zamani, baba. Kwani ina nini?"

"Masika yameikata. Pale sasa ni korongo." Sauti yake haikupanda. "Juzi nimembeba mama mmoja mgongoni, mguu umevunjika. Alinionyesha simu yake, mstari huu huu wa kijani."

Siham akaufuta mstari papo hapo.

"Leo wameifungua wangapi?" mzee akauliza.

Siham akatazama hesabu ya wageni wa tovuti. "Wawili. Asubuhi."

Mzee alikuwa amekwisha kubeba kamba begani, yuko mlangoni.