Karatasi Iliyoanikwa Juani

Esteria hakusomea maabara. Aliajiriwa kudeki zahanati moja huko Murungu, na kwa kutazama tu, mwaka baada ya mwaka, akajua kupanga chupa, kuandika namba na kukausha karatasi za damu. Karatasi hizo ni za watoto wachanga ambao mama zao wana virusi vya UKIMWI. Mtoto anachomwa kisigino, matone matano yanadondoshwa kwenye karatasi, yakikauka yanapelekwa mbali, kwenye mashine inayotafuta kirusi chenyewe. Kile kipimo cha dakika chache hakimfai mchanga, maana kinaona kinga aliyoachiwa na mama yake, si kirusi.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha wiki nzima. Karatasi ya Nduwayezu, mtoto wa mama aitwaye Niyomwungere, ilikaa mezani tangu asubuhi, bado mbichi, na pikipiki ya kubeba damu ilikuwa inakuja saa nane. Saa sita jua likatoka. Esteria akafanya vile anavyofanya nyumbani kwa maharage: akaiweka kwenye ungo, akaitoa nje. Ikakauka upesi, naye akajiona mjanja.

Wiki tatu baadaye jibu likaja kwenye simu ya Khatibu, mtaalamu wa maabara aliyeletwa kutoka Tanga. Damu imeharibiwa na joto, haisomeki. Khatibu akauliza nani aliianika. Esteria akasema ni yeye.

"Dada Esteria, hizi si dagaa," Khatibu alisema, wala hakucheka. Kisha akapunguza sauti: mama akija aambiwe mashine ilikuwa mbovu, basi. Nani atajua?

Niyomwungere akaja Ijumaa, kwa miguu, kanga imelowa hadi magotini. Alipomshusha mtoto mgongoni, Esteria aliona shingo ya mtoto imekuwa nyembamba kuliko siku ile ya kuchomwa kisigino. Maneno ya Khatibu yalikuwa tayari mdomoni. Hayakutoka.

"Mama Nduwayezu, mashine haina kosa. Mimi niliianika damu ya mtoto juani, ikaharibika. Inabidi tumchome tena."

Khatibu, pale dirishani, akajifanya anasoma daftari.

"Jibu litachukua siku ngapi?" Niyomwungere akauliza.

"Wiki tatu."

Mama akafunua kifua cha mtoto, mbavu zikaonekana moja moja. "Mtazame vizuri," akasema. "Wiki tatu anazo huyu?"

Esteria akamchukua mtoto, akamwendea daktari wa zahanati chumba cha pili, bila kubisha hodi, akamweleza yote tangu mwanzo, na kosa lake akalitaja mbele ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Akaomba mtoto aangaliwe leo, dawa ya virusi isisubiri jibu la karatasi kama inawezekana.

Daktari akavaa miwani, akampokea mtoto. Akamsikiliza kifua muda mrefu, upande mmoja, kisha wa pili, akarudia wa kwanza. Esteria alisimama mlangoni na Niyomwungere. Hawakutazamana.