Chaki ya Mgahawa wa Bunge

Mama mpishi wa mgahawa wa bunge, mjane asiyemung'unya maneno, alikuwa na utaratibu mmoja: unakula kwanza, unalipa baadaye, kwa bei utakayoikuta ubaoni. Tangu sarafu ianze kuporomoka, chaki haikutulia mkononi mwake.

Siku hiyo wapinzani walidai sarafu ijadiliwe mara moja. Spika akawazima: "Si jambo la dharura. Wiki ijayo." Kisha akashuka kula, tumbo mbele, akiwasimulia wenzake jinsi alivyowanyamazisha. Wali ukapoa, yeye bado anatia chumvi kwenye hadithi. Muuza mchele akapiga simu. Mama akafuta bei, akaandika nyingine. Muuza mafuta naye akapiga. Mama akafuta tena.

Wakati wa kulipa, Spika aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "We mama, huu ni wizi! Tulizungumze sasa hivi!"

Mama akanyoosha kiganja. "Mheshimiwa, si jambo la dharura. Lipa leo, tutajadili wiki ijayo."

Wapinzani wa meza ya pili wakapiga makofi mpaka viganja vikauma, hadi walipokumbuka kwamba nao hawajalipa.